Je, wajua kwa nini kitambi kimepoteza cheo Nairobi?

Tom Mboya Street huwakosi vijana wenye mashine za kupima uzito. Unalipa, unavua viatu, unasimama wima kama mshtakiwa, kisha unapewa kikaratasi chenye kilo zako, urefu wako na neno moja la hukumu. Mimi huwatazama wateja wao nikisubiri matatu ijae, na kinachonivutia si kilo bali nyuso. Nikiwa kijana, miaka ya tisini, mtu aliyeongeza kilo mbili alishuka akitabasamu. Siku hizi anauliza kama mashine ni nzima.

Mizani haijabadilika, kilo ni kilo. Basi nini kimegeuka?

Anza na salamu. Ukitoka Nairobi Desemba ukafika ushago, shangazi anakupokea langoni: "Umenona! Nairobi imekukubali." Hapo umesifiwa, na waliokuelimisha wamesifiwa pia. Mtu akuambie hivyo Januari kwenye lifti ya ofisi ya Upper Hill, mtakosana mwezi mzima. Na Kiswahili chenyewe kinaonyesha kilikoegemea tangu zamani. Mnene husemwa "ana afya" au "ana mwili", kana kwamba sisi wengine tunatembea bila mwili. Mwembamba ameachiwa kimbaumbau, na akikonda sana hulinganishwa na ng'onda, yule samaki aliyekaushwa juani.

Chanzo cha upendeleo huo ni njaa, wala si hadithi ya mababu wa mbali. Mwaka 1984 mvua ilikosekana, nchi ikala mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na Wakamba wakauita ukame ule "nikw'a ngwete": nafa na pesa mkononi. Pesa zilikuwepo, cha kununua hakikuwepo. Katika mwaka kama huo mafuta ya mwilini ni ghala, na mwenye ghala lililojaa hahitaji kujitangaza. Kwingine ghala hilo lilijazwa makusudi. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kwa mfalme Rumanika mwaka 1861, alikuta wanawake wa nyumba ya kifalme wakinyweshwa maziwa hadi kusimama kunawashinda, akaomba kumpima mmoja wao mikono na mapaja. Aliandika kwa mshangao. Nadhani na wao walimshangaa mgeni mzima anayezunguka na kamba ya kupimia.

Nairobi haikubuni heshima ya unene, ila iliupa suti. Baada ya uhuru wa 1963, jiji liligawanyika kati ya waliotembea na waliokaa. Mfanyakazi wa Industrial Area alitoka Eastlands kwa miguu, akabeba mizigo kutwa, akarudi kwa miguu. Aliyekaa ofisini na kubebwa na gari aliota kitambi, na kitambi kikawa hati ya mshahara ambayo kila mtu angeweza kuisoma bila kufungua bahasha. Watu wakawaita matajiri wapya Wabenzi kwa ajili ya magari yao, lakini hata ungemkuta Mbenzi akitembea ungemjua kwa tumbo. Sikiliza na neno letu la siasa: kiongozi "amekula", kabila fulani "zamu yao ya kula imefika". Tumbo lilikuwa ushahidi wa mlo huo. Tulilichukia na kulitamani kwa pamoja.

Halafu ukaja ukimwi, na hapa ndipo ninapoona wengi wanaosimulia historia ya kitambi wakiruka ukurasa. Mgonjwa wa kwanza Kenya aliripotiwa mwaka 1984. Mwaka uliofuata madaktari waliandika kuhusu ugonjwa mpya Uganda ambao wenyeji waliuita "slim", kwa jinsi ulivyowamaliza watu. Hadi Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, mitaa ya Nairobi ilikuwa imejifunza kusoma miili kwa woga. "Umeisha, kwani unaumwa?" halikuwa swali la huruma tu. Mwenye nyumba alilisikia, mwajiri alilisikia, wakwe walilisikia. Nakumbuka jirani yetu aliyevaa sweta mbili ndani ya koti mchana wa Januari, jua likiwaka, ili mabega yajae. Katika hali hiyo nani angejipunguza kwa hiari? Unene ulikuwa cheti cha afya, na daktari yeyote aliyemwambia mtu apunguze alikuwa anamwambia akajitie midomoni mwa watu. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kufika hospitali za umma kwa wingi, katikati ya miaka ya 2000, watu walirudi kazini na miili yao. Polepole wembamba ukaondolewa kesi, ingawa haujafutiwa kabisa. Tutarudi hapo.

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kinatendeka jikoni. Nilipokuwa mdogo chapati ilikuwa chakula cha Krismasi. Tulihesabiwa, na aliyepewa tatu alikuwa amefanya jambo. Leo kibanda chochote mjini kina chapati kabla jua halijachomoza, na mandazi, na chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Mafuta ya kupikia unapimiwa hata ya shilingi chache. Chipsi, smokie pasua na kuku wa kukaanga wanakungoja kila stendi, na jioni anayetaka kutembea anapita bodaboda tano zikimwita. Kwa maneno mengine, kunenepa kumekuwa rahisi. Huhitaji cheo wala Benz, unahitaji kuwa na haraka na njaa ya saa saba.

Takwimu za taifa za afya zinafuata njia hiyohiyo. Katika uchunguzi wa 2008 na 2009, robo ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 ilikuwa theluthi. Mwaka 2022, kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, ilikuwa asilimia 45. Na usidhani ni wa Lavington na Karen pekee. Watafiti waliopima watu wa Korogocho na Viwandani miaka ya 2008 na 2009 walikuta zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wamezidi uzito, katika mitaa ambako kodi ya chumba ni vita vya kila mwezi. Waliwaonyesha pia michoro ya miili wachague ule wanaofanana nao, na wengi walichagua mwembamba kuliko walivyo.

Hapa ndipo kitambi kilipoteza cheo. Alama ya utajiri hudumu maadamu maskini hawezi kuipata. Mlo wa bei nafuu ulipoanza kunenepesha kila mtu, matajiri walihamia upande wa pili, ule unaogharimu muda. Nenda msitu wa Karura Jumamosi asubuhi. Utaona viatu vya kukimbilia vyenye bei ya kodi ya miezi miwili, saa zinazohesabu mapigo ya moyo, na watu wanaolipa ili waingie kutembea. Yule wa Mukuru anayetembea hadi Industrial Area anafanya mazoezi yaleyale bila kulipa, lakini hakuna anayempiga picha.

Hospitali nazo zilisaidia kugeuza upepo. Presha na ugonjwa wa sukari vilipoanza kuingia katika kila ukoo, daktari alipata mdomo aliokuwa amefungwa wakati wa ukimwi. Kipimo cha unene anachotumia ni cha zamani ajabu. Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wala si daktari, ndiye aliyeanza miaka ya 1830 kugawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akimtafuta mtu wa wastani. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys akakipa jina la sasa, BMI. Ukizidi 25 umezidi uzito, ukifika 30 ni unene wa kupindukia. Kwa mtu wa mita 1.65 hiyo ni kama kilo 68, kisha kama 82. Hesabu hiyo haijui msuli na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi, na ya tumboni ndiyo yanayowatia madaktari wasiwasi zaidi. Lakini ndiyo inayochapwa kwenye kikaratasi cha Tom Mboya.

Kwa wanawake mambo yamekuwa magumu zaidi, na sioni haki yoyote ndani yake. Mwanamume mwenye kitambi bado anaitwa mheshimiwa, hata kama ni kwa utani. Mwanamke anatakiwa awe na nyonga za sanamu zinazovalishwa suruali kwenye vibanda vya katikati ya jiji, zilizotengenezwa kwa umbo la namba nane, na tumbo la msichana ambaye hajawahi kuonja chapati. Akiingia kwenye matatu ya viti kumi na vinne, makanga anamwangalia kwa jicho la mtu anayepiga hesabu ya nauli. Zamani alitaniwa kwa kukosa mwili. Leo anataniwa kwa kuwa nao mahali pasipotakiwa, na anayetania ana kitambi.

Ila ule ukurasa wa ukimwi haujafungwa. Rais William Ruto alipoonekana amepungua, mwaka 2023, nchi ilianza kuuliza maswali, hadi akaeleza hadharani kwamba amejipunguza makusudi kwa sababu kazi ni nyingi. Mkuu wa nchi ana madaktari na wapambe, na bado alihitaji kutuambia kwamba haumwi.

Juzi, nikisubiri matatu palepale, mama mmoja wa makamo alivua viatu, akavua na koti, akamkabidhi mwenzake mkoba na simu ili visihesabiwe. Kijana akasoma: amepungua kilo sita tangu Agosti. Mwenzake akapiga kigelegele cha mtaani. Yeye hakushangilia. Alikisoma kikaratasi mara mbili, akamrudishia kijana.

"Hapa andika tarehe, tafadhali," akasema. "Naenda nyumbani wikendi, na mama hatanielewa."