Kwa nini mshauri nasaha humwomba kijana ampime yeye?

Je, wajua kwamba kuna washauri nasaha ambao, dakika chache kabla ya kikao kumalizika, humpa kijana karatasi fupi ili aeleze jinsi alivyohudumiwa siku hiyo? Anayeiona kwa mara ya kwanza huidhania kuwa fomu ya malalamiko, ilhali ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alieleza kwamba uhusiano wa mshauri na mteja husimama juu ya mambo matatu: kukubaliana kuhusu lengo, kukubaliana kuhusu njia ya kulifikia, na kuaminiana. Uchambuzi wa tafiti 295 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa uhusiano huo unapokuwa imara, matokeo ya tiba huelekea kuwa mema zaidi.

Kwa vijana, tatizo huanzia kwenye lengo, kwa kuwa wengi wao hawaji bali huletwa. Chukulia mvulana wa miaka 15 aliyevuka feri kutoka Likoni pamoja na mamake kuja kumwona mshauri kisiwani Mombasa. Mama anasema mwanawe ameacha masomo na hasikii la mtu. Mvulana mwenyewe, kinachomtesa ni kwamba hapati usingizi tangu babake afariki. Mshauri akilishika neno la mama peke yake, atafanya kazi kwa bidii kubwa juu ya jambo ambalo mteja wake hakulileta.

Na mvulana huyo hatasema. Aliyelelewa kuamkia wakubwa kwa shikamoo na kutowakatiza wanapozungumza, akiulizwa na mtu wa umri wa mjomba wake kama kikao kilimfaa, atajibu "ndiyo" kwa sauti ya chini, kisha wiki ijayo hatarudi. Huo si ukaidi hata kidogo. Ni adabu aliyofunzwa, na mshauri anayeichukua adabu hiyo kuwa ni kuridhika hujidanganya.

Wala uzoefu wa kazi hautoshi kuziba pengo hilo. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, watoa tiba waliombwa kutabiri ni nani kati ya wateja 550 ambaye hali yake ingezorota. Walitaja watatu tu, na waliozorota kwa kweli walikuwa 40.

Ndiyo maana karatasi huwa na manufaa. Ile inayotumika sana, iliyobuniwa na Scott Miller, Barry Duncan na wenzao, ina mistari minne ya sentimita 10, na mteja hutia alama kuonyesha kama alisikilizwa na kuheshimiwa, kama walizungumza aliyotaka kuyazungumza, kama njia iliyotumika inamfaa, na kama kikao kwa jumla kilikuwa sawa. Jumla ni 40, na ikishuka chini ya 36 mshauri hutakiwa kuuliza kulikoni. Kiwango hicho kimewekwa juu kwa sababu watu wengi hutoa alama za juu kwa heshima tu, hivyo hata upungufu mdogo huwa na maana. Watoto wadogo hutumia toleo lenye picha za nyuso.

Karatasi peke yake, hata hivyo, haimfungui mtu kinywa. Ni lazima kijana aijaze mzazi akiwa nje, na mshauri apokee alama ya chini kwa shukrani ya kweli, bila kujitetea wala kununa, kwani kijana atautazama uso wake kabla ya kuamua kama ataendelea kusema. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote.

Mvulana wetu wa Likoni alitia alama karibu na mwisho wa kila mstari, isipokuwa wa pili, ambao aliukata katikati. Mshauri akamwambia, "Ahsante kwa kunionyesha hili, mwanangu. Tuliacha nini leo?" Kikao kilichofuata kilianzia kwenye usingizi, na mama akasubiri kwenye benchi la nje.