Nabii ni nani, na kwa nini si mtabiri

Kila mwaka kabla ya mvua za msimu, mkulima wa Bahi, Chamwino au Kongwa, mkoani Dodoma, hutega sikio redioni kujua Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema nini juu ya miezi ya Novemba hadi Aprili. Huo anauita utabiri, na hakosei. Jumapili anasikia kanisani kwamba Isaya alitabiri. Neno ni lile lile, kazi ni mbili. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanamchukua nabii kuwa mjuzi wa kesho, kama kituo cha hali ya hewa kilichovaa kanzu.

Neno "tabiri" lina asili ya Kiarabu, kwenye mzizi wa kufasiri ndoto. "Nabii" nalo limetoka Kiarabu, ni ndugu wa "navi" la Kiebrania, na wanachuoni wengi wa Kiarabu hulihusisha na "nabaa", yaani habari. Lakini maana yake huonekana vizuri zaidi pale neno linapofanya kazi. Katika Kutoka 7:1 Musa, aliyekwisha kulalamika kwamba ulimi wake mzito, anaambiwa kuwa atakuwa kama Mungu mbele ya Farao, na ndugu yake Haruni atakuwa nabii wake. Haruni hatabiri chochote pale. Anasema aliyopewa na Musa ayaseme. Nabii, basi, ni kinywa cha mwingine. Ndiyo maana manabii wa Biblia huanza na "Bwana asema hivi" kisha wakaendelea kwa "mimi" ya aliyewatuma, sawasawa na tarishi wa mfalme aliyefika na ujumbe wa kichwani.

Kazi hiyo hairithiwi. Ukuhani wa Israeli ulikwenda kwa ukoo wa Haruni, na ufalme wa Yuda kwa ukoo wa Daudi. Hata hapa Ugogo, nchi ya Wagogo, shughuli za kuomba mvua na mawe ya kuiombea zilikuwa za mtemi wa nchi ile, na utemi ulikwenda kwa ukoo. Nabii hana kiti cha namna hiyo. Amosi wa Tekoa, alipofukuzwa Betheli na kuhani Amazia, alijibu kwamba yeye si nabii wala mwana wa nabii. Ni mchungaji na mtu wa mikuyu. Mkuyu huo ndio huu huu unaosimama kwenye makorongo ya kwetu.

Alichokwenda kusema Amosi kinafaa kutazamwa kwa karibu. Katika sura ya 8 anawashika wafanyabiashara wanaoona sabato inachelewa kwisha ili wafungue maghala. Wanapunguza efa, wanaongeza shekeli, wanapotosha mizani, na wanauza makapi ya ngano. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka cha lita 22 hivi, debe letu na kidogo juu. Shekeli ilikuwa jiwe la gramu kama 11 la kupimia fedha. Hesabu ni hii: mnunuzi anapewa debe lililopungua, na fedha yake inapimwa kwa jiwe lililozidi uzito, kwa hiyo anaibiwa mara mbili katika biashara moja. Anayeuza mahindi Kibaigwa anaijua lumbesa, gunia lililotungwa kichwa juu ya mdomo, likashonwa kwa kamba na kuhesabiwa gunia moja. Kwenye lumbesa anayeumia ni muuzaji, kwa Amosi ni mnunuzi. Dhambi ni ya kipimo kote kuwili. Sehemu kubwa ya vitabu vya manabii ni maneno ya aina hii, ya sokoni, mahakamani na ikulu, kuhusu mambo yaliyokuwa yakitendeka siku ile ile.

Ya kesho yamo, ila mara nyingi huja na sharti, hata sharti lenyewe lisipotamkwa. Yona alitangaza kwamba Ninawi ingeangamizwa baada ya siku 40. Watu wakafunga, wakavaa magunia, mji ukabaki. Kama nabii ni mtabiri, Yona alikosea. Yeremia 18:7-10 inatoa kanuni yenyewe: taifa lililotangaziwa maangamizi likigeuka, maangamizi hayaji, lililoahidiwa mema likiasi, mema huondolewa. Qur'ani nayo, katika sura ya 10 aya ya 98, inawataja watu wa Yunus, ndiye Yona, kuwa waliamini wakaondolewa adhabu. Onyo lililofanya kazi huonekana kama utabiri uliokosea.

Je, wa kweli anatambulikanaje? Kumbukumbu la Torati ina vipimo viwili, na watu hukumbuka kimoja. Sura ya 18 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Sura ya 13 inakwenda mbele zaidi: hata ishara ikitimia, kama mtu huyo anawavuta watu kwa miungu mingine, asisikilizwe. Kwa hiyo muujiza peke yake hauthibitishi kitu. Nadhani kipimo hiki cha pili ndicho kinachohitajika zaidi leo, na ndicho kinachohubiriwa kwa nadra.

Ugomvi wa Yeremia na Hanania unaonyesha ugumu wenyewe. Yeremia alitembea na nira shingoni kuonyesha kwamba Yuda itaitumikia Babeli. Hanania akasimama hekaluni, mwezi wa 5, akasema nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka 2, akaivua ile nira na kuivunja mbele ya watu. Wote wawili walisema kwa jina la Bwana, wote wakatumia fomula ile ile. Yeremia hakubishana: kabla nira haijavunjwa alisema "Amina" na kuongeza kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia, na ilipovunjwa akaenda zake. Aliporudi baadaye na jibu, alimwambia Hanania atakufa mwaka ule. Alikufa mwezi wa 7. Aliyekuwa akipendwa na umati, yaelekea, ni Hanania.

Kwa Waislamu msamiati umepangwa kwa uangalifu zaidi. Mafundisho yaliyozoeleka ni kwamba kila mtume ni nabii, lakini si kila nabii ni mtume. Mtume ana ujumbe au sheria ya kufikisha. Sifa 4 za lazima hufundishwa madrasa: ukweli, uaminifu, kufikisha ujumbe na werevu. Kwa hesabu ya kawaida Qur'ani inawataja manabii 25 kwa majina, na aya ya 78 ya sura ya 40 inasema wapo ambao habari zao hazikusimuliwa. Ile 124,000 inayotajwa mara kwa mara inatokana na riwaya ambayo wanachuoni hawakubaliani juu ya nguvu yake. Mlango wenyewe umefungwa: aya ya 40 ya sura ya 33 inamwita Muhammad mhuri wa manabii. Kwa Mwislamu, bango la barabarani linalotangaza nabii mpya halina cha kupimwa.

Mkristo na Mwislamu wakizungumza, inafaa kujua kwamba orodha zao hazilingani. Adamu, Lutu na Sulemani ni manabii katika Uislamu. Mkristo wa kawaida hawaiti hivyo. Isaya, Yeremia na Amosi hawatajwi kwa jina ndani ya Qur'ani. Na Mkristo akisema "mitume" kwanza anawaza wale 12 wa Yesu.

Agano Jipya halikufunga mlango. Agabo alitangaza njaa, na mabinti 4 wa Filipo walitoa unabii. Lakini Paulo aliweka utaratibu katika 1 Wakorintho 14: wanene wawili au watatu, wengine wapambanue. Unabii usiohojiwa haumo katika sura hiyo. Mwongozo wa Kikristo wa zamani uitwao Didake ulikuwa mkali zaidi, tena wa vitendo: mjumbe anayesafiri akae siku moja, au mbili ikilazimu; akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka achukue mkate tu wa kumfikisha anakolala. Akiomba fedha, ni wa uongo. Akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, asihukumiwe.

Ukilinganisha hayo na mambo ya leo, makosa yanajitenga yenyewe. Kumtajia mgonjwa jirani aliyemroga ni ramli chonganishi, hata ikitolewa madhabahuni na kuitwa ufunuo. Watu wamepigwa na kuuawa kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Sadaka ya kuonana na nabii, maji na mafuta ya upako yenye bei, na "panda mbegu upokee neno lako" vinaanguka kwenye kipimo cha fedha. Mafuta yakishaaminiwa kuwa yana nguvu yenyewe, kila mtu anataka kuyafikia kabla hayajaisha. Mjini Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa katika msukumano wa kukanyaga mafuta ya upako. Cheti cha Msajili wa Jumuiya, kinachotundikwa ukutani kwenye ofisi nyingi za huduma, kinaeleza tu kwamba taasisi imeandikishwa kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Msajili hapimi unabii wa mtu.