Mkono wa nne: riwaya ya vita inapotutisha

Kwenye semina zetu za fasihi swali hili halikosekani: vita vyenyewe vinatisha, mbona waandishi wanaongezea wachawi na viungo vya maiti? Mimi hujibu kwa kuifungua riwaya moja, Frère d'âme ya David Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegali. Ilitoka mwaka 2018, na tafsiri yake ya Kiingereza ikapata tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2021.

Tuko kwenye mahandaki ya Vita Vikuu vya Kwanza. Alfa Ndiaye na Mademba Diop, vijana wa Senegali, marafiki wa kufa na kuzikana, wanaipigania Ufaransa inayowatawala. Mademba anapasuliwa tumbo. Amelala chini, matumbo nje, na mara tatu anamsihi mwenzake ammalize. Mara tatu Alfa anakataa, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa na wazee na dini. Mademba anapokata roho ndipo Alfa anapong'amua kuwa utiifu wake ulikuwa ukatili. Na kuna jingine linalomla moyo. Koo zao ni za utani, utani uleule tunaoujua Tanzania, naye alikuwa amemkejeli Mademba kwa mnyama wa ukoo wake. Mademba akakurupuka wa kwanza kutoka handakini ili asionekane mwoga.

Tangu hapo, wenzake wakirudi, Alfa hubaki nyuma. Humvizia Mjerumani, humpasua tumbo vilevile, kisha humchinja upesi, ampe huruma aliyomnyima rafiki yake. Hurudi na bunduki pamoja na mkono ulioishika. Husimulia haya yote akiapa, tena na tena, haki ya Mungu. Ukimsoma kwa sauti, kiapo hicho kinakukaa kooni.

Mikono mitatu ya kwanza inashangiliwa. Wa nne unapofika, watu wanaanza kumkwepa na kunong'ona kwamba ni dëmm, mla roho za watu. Mkono wa nne ni sawa na wa kwanza. Ila sasa wameiona kazi yao wenyewe ndani yake, na kumwita mtu mmoja mchawi ni rahisi kuliko kukiri kwamba kikosi kizima kinaua.

Kepteni ndiye anayenitisha zaidi. Yeye ndiye aliyetaka Waafrika watoke na panga mkononi, wapige makelele, Wajerumani waliojazwa hadithi za washenzi waingiwe na hofu. Ushenzi huo ni sare waliyovishwa kwa jina la taifa lisilo lao, na kosa la Alfa ni kutoivua filimbi ya kurudi inapolia. Basi anapelekwa nyuma ya mstari wa mbele akapumzike mwezi mmoja, na anapewa sharti. Akirudi, kuua ataua, lakini asikate viungo. Vita vya kistaarabu vinakataza.