Riwaya ya distopia (dunia ya kubuni yenye utawala wa kikatili) kuwa filamu: yanayosemwa Kampala na ukweli wake

Dhana: Kitabu kikishakuwa cha zamani, hakina mwenyewe.

Umri wa kitabu peke yake hauamui kitu. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. George Orwell alifariki Januari 1950, kwa hiyo riwaya yake *Nineteen Eighty-Four* iko huru hapa tangu 2001. Uingereza huhesabu miaka 70, na huko ililindwa hadi mwisho wa 2020. Marekani inahesabu miaka 95 tangu kuchapishwa. Riwaya hiyo ilitoka 1949, hivyo inalindwa hadi mwisho wa 2044. Hapo ndipo mtu hunasa: filamu halali kabisa Kampala inaweza kuondolewa kwenye jukwaa la intaneti linalofuata sheria za Marekani. Amua soko lako kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Ray Bradbury, mwandishi wa *Fahrenheit 451*, alifariki 2012, kwa hiyo yeye bado analindwa hata hapa. Na ukichukua mazungumzo kutoka tafsiri ya Kiswahili, mtafsiri naye ana haki zake.

Dhana: Bila mamilioni ya dola, dunia ya kesho haionyeshiki.

Jean-Luc Godard alipiga *Alphaville* (1965) kwenye mitaa na majengo ya Paris ya wakati ule, usiku, bila kujenga mji mpya. Kampala ina korido ndefu za ofisi, ngazi za zege na maegesho ya chini ya maduka. Vinatosha.

Kinachoharibu picha ni skrini, na distopia imejaa skrini. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za tyubu zitamemeta. Skrini nyingi za kompyuta hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60, na kwenye kamera hutokea mistari inayotambaa. Ingia kwenye mipangilio, ishushe skrini hadi 50. Ikikataa, weka shata 1/60, zima tyubu zote chumbani na uwashe taa za betri. Jaribu siku moja kabla, kwa kamera ileile, kisha tazama picha kwenye skrini kubwa. Skrini ndogo ya kamera huficha mistari hiyo.

Dhana: Mawazo ya mhusika yasomwe tu na msimulizi.

Hili ndilo kosa baya kuliko yote, na kwetu lina gharama ya ziada. Filamu ikifika kwenye vibanda vya video, VJ, yaani mtu anayeitafsiri na kuisimulia filamu papo hapo, huzungumza juu ya sauti yake. Msimulizi wako atafunikwa, na hadithi yote iliyokuwa mdomoni mwake itapotea. Hofu ya mhusika iwe tendo. Winston, mhusika mkuu wa *Nineteen Eighty-Four*, anaandika shajara mahali ambapo skrini ya serikali inayowachunguza watu haimwoni: mwonyeshe akisogeza kiti, akipima pembe kwa jicho, akikohoa ili kufunika mkwaruzo wa kalamu. Ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo riwaya ya kurasa 300 haiingii yote. Kata wahusika kwanza, kisha maeneo. Kanuni moja ya kikatili inayoiendesha dunia hiyo usiiguse.

Dhana: Sare za askari ni kazi ya fundi cherehani tu.

Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, inakataza raia kuvaa au kumiliki sare za jeshi bila idhini, na Septemba 2019 bereti nyekundu nayo iliorodheshwa rasmi kuwa vazi la jeshi. Epuka kabisa kitambaa cha madoadoa. Shona dril (kitambaa kigumu cha pamba) ya kijivu, nembo yako mwenyewe, kofia ya umbo jingine. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) na kituo cha polisi kwa barua, nakala ikae eneo la kazi. Waigizaji wavae na kuvua palepale. Asipande mtu boda boda na sare.

Dhana: Lugha itaamuliwa wakati wa kupiga.

Uganda ina watazamaji wengi ambao masikioni mwao Kiswahili bado ni sauti ya askari. Ukiwapa walinzi Kiswahili na raia Luganda, umeshatamka msimamo wa kisiasa. Kama ndicho unachokitaka, kiandike kwenye mswada tangu rasimu ya kwanza. Kama sicho, mpe Kiswahili mpenzi wa mhusika mkuu pia.