Linux haikatai fonti za Windows

Kuna hii kitu watu wanairudia sana, eti Linux (mfumo wa kompyuta kama Windows) inaharibu dokumenti za Word kwa sababu haikubali fonti, yaani mitindo ya herufi, za Windows. Sio kweli jamani. Faili la fonti, liwe la aina ya TTF au OTF, ni lilelile, linasomeka Windows, Mac na Linux bila kubadilishwa chochote.

Kinachotokea ni hivi, Calibri na Times New Roman zina leseni ya Microsoft kwa hiyo matoleo ya Linux kama Ubuntu au Debian hayaji nazo, sasa ukifungua CV yako sistemu inatafuta fonti nyingine ya kuziba pengo na kama herufi zake ni pana zaidi mistari inasogea, ukurasa mmoja unakuwa miwili, halafu lawama zote anabebeshwa LibreOffice, programu inayofungua dokumenti za Word kwenye Linux. Andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) fc-match "Calibri" utaona ni ipi imechukua nafasi. Ikiwa sio Carlito, install pakeji ya fonts-crosextra-carlito, maana Carlito ina upana uleule wa Calibri herufi kwa herufi. Kwa Times New Roman na Arial kuna fonti za Liberation za kampuni ya Red Hat, zipo tangu 2007 na mara nyingi unazo tayari.

Na wanaosema lazima uwe na paswedi ya admin, hapana, kwa fonti uliyodownload mwenyewe tengeneza folda ~/.local/share/fonts, itupie humo, andika kwenye terminali fc-cache -f ili sistemu iione, funga LibreOffice ufungue tena. Hata kompyuta ya ofisini yenye Linux kwa kawaida inakubali.