Ukurasa Si Gunia: Yanayosemwa Ovyo Kuhusu Mpangilio wa Kitabu

"Maneno ndiyo kitabu, mengine ni mapambo."

Kauli hii husikika zaidi kwa watunzi wa riwaya, kwa washairi mara chache, na sababu iko wazi. Chukua shairi la tarbia la kawaida, lenye mishororo minne kwa ubeti: kila mshororo una mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili, na kina kinakaa mwisho wa kila kipande. Msomaji huviona vina kabla hajavisikia, kwa kuwa vimepangana wima, kimoja chini ya kingine, katikati ya ubeti na ukingoni. Sasa mpe mtu wa kompyuta alibane shairi hilo kwenye safu nyembamba ya gazeti. Mshororo unakatika kwenye mizani ya kumi na moja, kilichobaki kinaangukia chini, na ubeti wa mishororo minne unageuka mistari minane isiyolingana. Hakuna neno lililobadilika, na shairi limevunjika.

Walionakili tenzi kwa hati za Kiarabu walilijua hili. Mara nyingi vipande vinne vya ubeti walivitandaza kwenye mstari mmoja, wakaacha nafasi au alama kati yake. Kwa kuwa hati hizo husomwa kutoka kulia, kina cha bahari, yaani kile cha mwisho kinachorudiwa katika kila ubeti, kilishuka kwenye ukingo wa kushoto, ubeti baada ya ubeti, mpaka utenzi unakwisha.

"Kompyuta itapanga yenyewe."

Itapanga, tena kwa kanuni ulizoiachia, na mara nyingi kanuni hizo ni za Kiingereza. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, kwa hiyo mwanafunzi hukatwa mwa-nafunzi, mwana-funzi au mwanafu-nzi. Programu isiyojua lugha yako inaweza kukuletea mwanaf-unzi, na ng'ombe akachinjwa ng'om-be badala ya ng'o-mbe. Wengine wakiona hayo huzima ukataji wa maneno kabisa, wakaangukia balaa la pili. Ili kingo zote mbili zinyooke, programu hutanua nafasi kati ya maneno. Mstari wa maneno kumi hugawana upana huo kidogokidogo, ila maneno yetu ni marefu: atakayewahudumia peke yake ni herufi 16. Kwenye safu nyembamba mstari unaweza kubeba maneno matatu tu, na upana wote ukamiminwa kwenye nafasi mbili. Ndiyo yale mapengo meupe, kama kinywa cha mtoto anayeng'oa meno. Ipe programu lugha ya Kiswahili kama inayo. Kama haina, kata maneno kwa mkono, au uache ukingo wa kulia bila kunyooshwa. Si aibu.

"Times New Roman saizi 12 haikosei."

Ni fonti nzuri, lakini ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia Oktoba 1932, na magazeti yana safu nyembamba. Ukiitandaza kwenye karatasi ya A4, mstari hubeba herufi 90 hivi, nafasi zikiwemo, ilhali wasanifu wa vitabu hulenga kati ya 45 na 75. Mstari ukirefuka mno, jicho linaporudi kushoto hupotea njia, likasoma mstari uleule mara mbili. Tasnifu ngapi zimegeuzwa vitabu bila kupangwa upya, kisha wasomaji wakalaumiwa kwa uvivu!

Vitabu vya watoto vina shida yake: fonti ambayo I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zinafanana humtesa anayeanza kusoma.

"Picha ni picha, hata ya WhatsApp."

Hapana. Hubanwa inapotumwa, na kinachopendeza kwenye simu hutoka na ukungu karatasini. Omba faili asilia.

"Tukibana kurasa tunaokoa fedha."

Mara nyingine. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi fungu moja likiwa na kurasa 16. Kurasa 163 zikishuka hadi 160, umeokoa, maana mafungu kumi yanakutosha. Lakini ukipunguza saizi ya herufi na kula pambizo, ile nafasi tupu ya ukingoni, ili kurasa 158 ziwe 153, mpiga chapa atatumia mafungu yaleyale kumi, na utalipia kurasa saba tupu mwishoni. Pambizo inayoliwa kwanza huwa ya ndani, upande wa mgongo, kwa kuwa kwenye skrini haionekani kuwa na kazi. Kabla hujaidhinisha, omba prufu, yaani nakala ya majaribio, iliyofungwa kama kitabu chenyewe, uifungue katikati kwa mkono mmoja. Ikibidi uuvunje mgongo ili uone mwanzo wa mistari, irudishe.