Kunyauka si kukauka

Juzi nimelisikia tena: "Huu mmea umekauka, uongezeeni maji." Majani yalikuwa yameinama lakini bado kijani kibichi, na udongo wa kwenye chungu ulikuwa umelowa mpaka unanuka. Maji yakaongezwa. Siku chache baadaye mmea ukafa. Nilipoung'oa nikavuta mzizi mmoja kwa vidole, ganda lake la nje, laini na la kahawia, likachomoka kama ala ya kisu, ukabaki uzi mwembamba wa katikati.

Kunyauka ni mmea kupoteza shinikizo la maji ndani ya seli zake. Seli iliyojaa maji hukakamaa kama mpira uliojazwa upepo. Maji yakipungua hulegea, na jani likanyong'onyea. Maana ni hiyo tu. Kukauka ni tishu kuishiwa maji mpaka jani linavunjikia mkononi.

Tazama koo za maneno yenyewe. "Kauka" ni ndugu wa "kavu", "ukavu" na "kausha", ukoo mzima unaozungumzia kukosekana kwa maji. "Nyauka" imetupa "mnyauko", na hilo ndilo jina la ugonjwa unaoangusha nyanya shambani hata udongo ukiwa na maji ya kutosha. Bakteria huingilia mizizini na kuziba mishipa inayopandisha maji. Kata kipande cha shina la nyanya hiyo, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka penye mkato: ni bakteria pamoja na ute wao. Shina hilo limejaa majimaji, ilhali majani yake yamelala. Walioupa ugonjwa huu jina la mnyauko walichagua neno sawasawa.

Ninaling'ang'ania hili kwa sababu "kauka" hubeba tiba ndani yake. Ukishasema mmea umekauka, mkono unakwenda kwenye ndoo wenyewe. "Nyauka" haikutajii sababu. Inakuacha uulize mizizi imepatwa na nini.

Na mizizi si mirija mitupu. Maji huingia kupitia vinyweleo, ambavyo kila kimoja ni seli moja ya ngozi ya nje iliyorefuka, kisha hupenya ganda hadi kwenye tabaka la ndani liitwalo endodamisi. Hapo kuta za seli zimezibwa kwa ukanda usiopitisha maji, uliopewa jina la Robert Caspary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani wa karne ya 19. Njia ya pembeni hakuna. Maji lazima yapite ndani ya seli hai ndipo yafike kwenye mishipa ya katikati. Seli hai zinahitaji oksijeni, na oksijeni husambaa ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Udongo ukifurika, seli za mizizi hukosa pumzi, tindikali huongezeka ndani yake, na vijitundu vya protini vinavyopitisha maji hufunga. Mmea unanyauka ukiwa umesimama majini.

Mpunga huhimili kwa sababu mizizi yake ina njia za hewa katika ganda. Mmea wa mahindi nao ukifurikiwa huua baadhi ya seli zake za ganda ili kuzifungua njia hizo. Chumvi ikizidi udongoni hung'ang'ania maji, mizizi ikashindwa kuyavuta. Ukame nao huleta mnyauko, na ni huo pekee, katika yote niliyotaja, unaoponywa kwa ndoo.

Aliyesema mmea umekauka alikuwa ameona vizuri: majani yalikuwa yamelegea kweli. Neno lililomfaa lilikuwa "umenyauka", na baada ya hapo kidole udongoni kabla ya kugusa ndoo.